Aneurisimu ya aota ya tumbo yenye maambukizi: namna ya kuipasua, kuisafisha na kuunga mshipa

Aneurisimu ni uvimbe wa mfuko kwenye ukuta wa mshipa; aota ni mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Aneurisimu ya kawaida ya aota hutanuka polepole kwa miaka. Yenye maambukizi haina subira hiyo. Bakteria wamekaa kwenye ukuta wa mshipa, wameula upande mmoja, na ule mfuko unaouona kwenye CT mara nyingi si aota iliyotanuka: ni tundu lililozibwa na damu iliyoganda na nyama za jirani. Kwa hiyo kipimo cha sentimita 5.5 tulichozoea kukitumia kuamua nani apasuliwe hakina kazi hapa. Mfuko wa sentimita 3 unaweza kuwa 5 baada ya wiki moja, au ukapasuka kesho.

Huu ni upasuaji wa usaha kwanza, wa mshipa baadaye. Madaktari hubishana sana juu ya kipandikizi gani (bomba la kuchukua nafasi ya mshipa uliokatwa) ni bora, lakini kinachoamua mgonjwa atakuwa hai mwakani ni jinsi ulivyosafisha. Mshipa wa bei ghali uliolazwa juu ya nyama iliyooza utaachia mshono.

Mwongozo huu umeandikwa kwa timu ya hospitali kubwa ya rufaa yenye daktari wa mishipa ya damu, CT, benki ya damu na ICU. Aliye hospitali ya wilaya asome sehemu mbili zinazofuata, achukue damu ya kuotesha, aanze dawa, kisha ampeleke mgonjwa huku amelala na presha yake haijapandishwa bila sababu.

Kuitambua

Homa, maumivu ya tumbo au mgongo, na uvimbe unaodunda: hayo matatu kwa pamoja huonekana kwa wachache. Kinachokuja zaidi ni mtu wa miaka 50 au 60 na kuendelea, ana kisukari, au yuko kwenye dialisisi, au anaishi na VVU, homa imemsumbua wiki kadhaa na mgongo unauma hata akilala. Katika ukanda wetu huyu ameshatibiwa malaria, ametibiwa taifodi kwa kipimo cha Widal, na amechomwa sindano za diklofenaki mpaka homa imejificha. Widal haithibitishi chochote hapa. Salmonela zisizo za taifodi ni miongoni mwa wadudu wanaopenda zaidi aota iliyokwisha kuharibiwa na mafuta na chokaa, na zinaonekana kwenye damu iliyooteshwa, si kwenye Widal. Wengine ni Staphylococcus aureus, streptokoki, E. coli, na kwa nadra zaidi kifua kikuu, Brucella kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi, na Coxiella. Kusini-mashariki mwa Asia kuna Burkholderia pseudomallei. Ikiota Clostridium septicum, mtafute saratani ya utumbo mpana baada ya kumvusha.

Chukua damu ya kuotesha seti mbili hadi tatu kutoka sehemu tofauti za mwili, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Dakika kumi unazopoteza hapo zitakuokoa wiki nzima za kubahatisha dawa. Mgonjwa akiwa kwenye mshtuko, chukua seti mbili haraka na uanze dawa papo hapo.

Ultrasaundi ya kitandani itakuambia aota imetanuka, lakini uamuzi uko kwenye CT yenye dawa ya mshipa, kuanzia kifuani hadi mapajani. Tafuta mfuko uliotokea upande mmoja wenye mabonde-mabonde, mafuta yanayozunguka aota yaliyochafuka, uvimbe wa nyama pembeni ya ukuta, viputo vya hewa, usaha kwenye msuli wa soasi (ulio kando ya uti wa mgongo), pingili ya mgongo iliyolika. Ukuta usio na chokaa mahali palipovimba, huku aota nyingine yote imejaa chokaa, nao ni ushahidi mzuri. Angalia kifuani pia kwa sababu mifuko inaweza kuwa miwili au mitatu. Fanya eko (ultrasaundi) ya moyo kuondoa shaka ya maambukizi ya vali.

Maandalizi

Anza dawa zinazofunika pande zote mbili: vankomaisini miligramu 25 hadi 30 kwa kilo kama dozi ya kufungulia, kisha 15 hadi 20 kwa kilo kila saa 8 hadi 12 kulingana na figo, pamoja na seftriaksoni gramu 2 kila siku. Kama mgonjwa amelazwa muda mrefu au maabara yenu inaona sana wadudu sugu kwa seftriaksoni, weka meropenemu gramu 1 kila saa 8 badala yake. Ukipata jina la mdudu, punguza aina za dawa.

Apasuliwe lini? Aliyepasuka, yaani ambaye mfuko wake umeshapasuka, anaingia thieta sasa hivi. Mwenye maumivu yasiyotulia, au mfuko uliokua kati ya CT mbili, anaingia ndani ya saa 24. Aliye tulivu anaweza kupewa siku kadhaa za dawa ili bakteria wapungue kwenye damu, lakini alale ICU au kitanda cha karibu na thieta, damu ya kumwongezea iwe imeshapimwa na kutengwa, na CT irudiwe baada ya siku chache au papo hapo maumivu yakibadilika. Kosa linaloua hapa ni kuona homa imeshuka na CRP (kipimo cha damu cha uvimbe na maambukizi) imepungua, mkaridhika, mkamrudisha wodini. Dawa inasafisha damu. Ukuta ulioliwa haurudi.

Kwa aliyepasuka, acha presha ya juu (namba ya kwanza, sistoli) ikae kati ya 70 na 90 maadamu anaongea na kukuelewa. Dripu za haraka zitamwaga damu nje ya mshipa. Agiza uniti 6 hadi 10 za damu, plazma na chembe sahani, na mashine ya kurudisha damu ya mgonjwa iachwe: damu hiyo imechafuka.

Siku ya kabla, pima vena za paja kwa ultrasaundi. Unatafuta kipenyo cha milimita 6 au zaidi, bila damu iliyoganda. Weka alama ya kalamu kwenye ngozi. Kama ureta (mirija ya mkojo) zimezungukwa na uvimbe, mwombe mtaalamu wa mkojo aweke stenti (kibomba) kabla ya chale. Ni rahisi kuihisi stenti kwa vidole kuliko kuitafuta ureta ndani ya usaha.

Kuchagua njia kabla ya kuosha mikono

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kukata sehemu yote mbovu na kuunga mshipa palepale. Ya pili ni kufunga aota kabisa na kupitisha damu kwa njia ya kuzunguka, kutoka kwapani hadi kwenye mapaja. Ya tatu ni kuingiza stenti yenye kitambaa (bomba la waya lililovikwa kitambaa) ndani ya aota kupitia kinena bila kufungua tumbo.

Tunapendelea ya kwanza kwa mgonjwa anayeweza kuistahimili. Ya pili tunaiweka kwa tumbo lililojaa usaha mtupu, au pale utumbo umetoboka na kumwaga kinyesi pembeni ya aota. Ya tatu tutairudia mbele, kwa sababu si ya kudharau.

Kuingia na kushika aota

Mgonjwa alale chali. Osha kuanzia chuchu hadi vidole vya miguu, miguu yote miwili iwe wazi. Chale ya katikati kutoka kifua hadi mfupa wa kinena inafaa kuliko ya ubavuni, kwani utauhitaji omentamu, lile pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo. Ulinde tangu mwanzo: usiukate, usiufunge, usiuache ukauke pembeni.

Usiuguse mfuko mpaka umeishika aota juu yake. Kama shingo chini ya ateri za figo ni safi na ina urefu wa sentimita 2, klampu (kibano cha kufunga mshipa) ikae hapo. Mara nyingi si safi. Basi panda juu ya ateri ya siliaki (tawi la aota la ini na mfuko wa chakula): kata kano ya pembetatu ya ini, kunja kipande cha kushoto cha ini kuelekea kulia, fungua omentamu ndogo, shika mpira wa tumboni uliopitia puani ili ujue umio liko wapi na ulisukume kushoto, pasua nyuzi za msuli wa diaframu, kisha pitisha vidole viwili pande zote mbili za aota mpaka uguse uti wa mgongo. Klampu iingie wima mpaka ncha zake ziguse mfupa. Isipofika mfupani itateleza wakati mbaya kuliko wote.

Heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) uniti 75 hadi 100 kwa kilo, dakika 3 kabla ya klampu. Aliyepasuka na anavuja asipewe. Mwambie daktari wa usingizi kabla ya kufunga na kabla ya kufungua, kwa sauti, na usubiri ajibu.

Ukiwa juu ya siliaki, saa inahesabu. Lengo ni chini ya dakika 30, kisha klampu ishuke chini ya figo mara tu unapoona ukuta mzima. Ikiwa mshono wa juu utakaa karibu na ateri za figo, mwagilia figo kwa maji ya dripu yaliyopozwa hadi nyuzi 4. Vena ya figo ya kushoto ikikuzuia, ikate karibu na vena kava (mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni), ukiyaacha matawi yake ya adrenali, ya korodani au ovari, na ya kiunoni. Hayo ndiyo yatakayoitoa damu ya figo.

Tundu likiwa limeshika duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba), liache mpaka klampu ziwe zimefungwa juu na chini. Kutenganisha utumbo na aota inayodunda ni kuita mafuriko. Ikipasuka ghafla kabla hujafika popote, kidole ndani ya tundu, kisha katheta ya Foley (mpira wa mkojo wenye puto) kubwa ipitishwe juu kwenye shingo na kujazwa maji. Inakupa dakika za kutafuta klampu.

Kusafisha

Fungua mfuko. Kabla ya kunyonya chochote, chukua sampuli: vipande vitano vya ukuta na damu iliyoganda, kila kimoja kwa kibano kipya, kila kimoja kwenye kopo lake safi lisilo na fomalini. Cha sita kiende kwenye fomalini kwa ajili ya patholojia. Usitegemee pamba ya kupakia usaha, hubeba wadudu wachache mno. Kwenye fomu andika wazi: rangi ya Gramu, kuotesha kwenye hewa na pasipo hewa, fangasi, GeneXpert (kipimo cha haraka cha vinasaba) na kuotesha kifua kikuu. Ukishuku Brucella, ipigie simu maabara. Mdudu huyo huwaambukiza wafanyakazi wa maabara, na anahitaji siku nyingi kuota. Sampuli zikikosa jibu kwa sababu dawa zilianza mapema, kipande kilichohifadhiwa kwenye friza bado kinaweza kupimwa jeni la bakteria.

Sasa kata. Ukuta wote wa mfuko utoke, na ukingo wa aota upunguzwe mpaka ufike kwenye ukuta mgumu, unaoshika sindano bila kuchanika. Ukingo mbovu unajulikana: ni laini, una rangi ya majivu au hudhurungi, na uzi unaupita kama unakata jibini. Usibembeleze sentimita moja ili tu mshono uwe rahisi. Hiyo sentimita ndiyo itakayotoka damu wiki ya tatu.

Mishipa ya kiunoni inayorudisha damu kutoka nyuma ishonwe kwa uzi wa polipropilini 3-0, mshono wenye umbo la tarakimu nane. Fungua msuli wa soasi kama una usaha, ingiza kidole, vunja vyumba vyote. Pingili laini ikwanguliwe mpaka mfupa unaotoa damu, na vipande vyake viende maabara. Mahali pekee pa kusita ni pale ukuta ulipogandana na vena kava au vena ya iliaki (ya nyonga) ya kushoto: acha kigamba chembamba juu ya vena, kikwangue kwa upole. Vena kava iliyochanika nyuma ya tundu lenye usaha ni msiba mkubwa kuliko kigamba hicho.

Mwagilia lita 5 au zaidi za maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kwa mgandamizo mdogo. Pampu kali husukuma uchafu ndani ya nyama. Haidrojeni peroksaidi isikaribie mshipa uliofunguliwa, kwani hutoa hewa inayoweza kuingia kwenye damu na kuua. Baada ya hapo timu nzima ibadilishe glavu na magauni, zilazwe shuka mpya, na itumike seti ya pili ya vyombo pamoja na mpira mpya wa kunyonya. Nesi wa thieta aandae seti hiyo tangu asubuhi, mezani pake, imefunikwa.

Kuunga: kipandikizi gani

Vena ya paja ya mgonjwa mwenyewe ndiyo inayovumilia maambukizi kuliko vyote. Kuitumia kujenga aota mpya kulielezwa na Patrick Clagett na wenzake wa Dallas mwaka 1993. Haigharimu chochote ila muda: timu ya pili iivune huku ya kwanza ikifungua tumbo, vinginevyo unaongeza saa mbili au zaidi. Fuata ukingo wa nje wa msuli wa sartoria, shuka kutoka kinena hadi juu ya goti. Funga kila tawi kwa uzi wa hariri mara mbili, matawi makubwa kwa mshono, milimita moja au mbili kutoka kwenye vena ili usiibane. Juu, ikate sambamba kabisa na mdomo wa vena ya ndani ya paja (profunda). Ukiacha kisiki, damu itaganda humo na kuruka mapafuni. Vena ya ndani ya paja na safena kubwa (vena ya chini ya ngozi) zibaki nzima; ndizo zitakazorudisha damu ya mguu.

Igeuze vena ndani-nje, kata vali zote kwa mkasi mdogo, uirudishe. Usiipindue juu-chini, kwani mdomo mpana wa kinena ndio unaolingana na aota. Ukihitaji kipandikizi cha miguu miwili, chana midomo ya vena mbili sentimita 3 hadi 4 na uzishone ubavu kwa ubavu kwa polipropilini 4-0 zionekane kama suruali. Baada ya upasuaji chunguza shavu la mguu kila saa. Mguu ukiwa mgumu na vidole vikiuma vinapovutwa, pasua faskia (ala ngumu inayofunika misuli) usiku huohuo. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyekwisha kutolewa safena au ambaye mguu wake ulikosa damu muda mrefu.

Usipokuwa na muda, utando wa moyo wa ng'ombe ni wa pili kwetu. Hushonwa mezani na kuwa bomba. Hesabu ni rahisi: upana ni kipenyo mara 3.14, ongeza milimita 5 za mshono. Bomba la milimita 18 linahitaji kipande cha upana wa milimita 62 hivi. La 16, milimita 55. Suuza dawa ya kuhifadhia kwa muda uliotajwa kwenye kopo, uso laini ukae ndani, zungushia kwenye dilata au bomba la sindano lenye kipenyo sawa, na ushone kwa polipropilini 4-0 mfululizo, ukifunga fundo kila sentimita chache ili ukilikata kulifupisha mshono usifumuke. Ukilaza, mshono huo uelekee mbele ambako unauona ukivuja.

La tatu ni kitambaa cha poliesta kilichopakwa jelatini na kulowekwa rifampisini. Futa miligramu 600 za rifampisini ya sindano kwenye mililita 10 za kimiminika chake, upate miligramu 60 kwa mililita, na loweka kipandikizi dakika 15 hadi 30, ukikigeuza mpaka chote kiwe chekundu kama tofali. Kisisuuzwe. Jelatini hushika dawa. Kipandikizi cha PTFE (plastiki) hakishiki, kwa hiyo kukiloweka ni kujidanganya. Kumbuka rifampisini ina nguvu kwa stafilokoki, ila kwa Salmonela na E. coli ni dhaifu. Kwa hao tunapendelea tishu ya mwili au utando wa ng'ombe. Ateri za marehemu zilizogandishwa hutumika Ulaya na Marekani, lakini zinahitaji benki ya tishu, na hospitali nyingi za kwetu hazina.

Mshono wa juu ni polipropilini 3-0, uanzie ukuta wa nyuma, sindano iingie kwa kina cha milimita 5 hadi 8 ndani ya ukuta mzima. Pedi za kitambaa zisitumike. Ukuta dhaifu uimarishe kwa ukanda wa faskia ya mgonjwa au wa utando wa ng'ombe. Chini kwenye iliaki, 4-0 au 5-0. Kabla ya fundo la mwisho, achia klampu ya juu kidogo ioshe makombo, kisha za chini zirudishe damu. Fungua mguu mmoja, subiri presha itulie, kisha wa pili. Nguvu ya heparini izimwe kwa protamini, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila uniti 100 za heparini.

Usisahau ateri ya chini ya mesenteri, inayolisha koloni (utumbo mpana) ya kushoto. Ikirudisha damu kwa nguvu, ifunge. Ikitoa kidogo kidogo na koloni ya kushoto ina rangi mbaya, hasa kama iliaki za ndani zimeziba, ipandikize.

Omentamu

Hii si hatua ya hiari. Itenganishe na koloni ya kukingama, iache ining'inie kwa ateri moja ya ukingo wa mfuko wa chakula (gastroepiploiki), ya kulia au ya kushoto, ipitishe kwenye tundu la mesokoloni (utando unaoshikilia koloni) kushoto kwa ateri ya kati ya koloni. Tundu lipitishe vidole viwili: likiwa dogo omentamu inakufa, likiwa kubwa utumbo unaingia. Izungushe kipandikizi chote, hasa mishono miwili, na sehemu inayobaki ijaze shimo la soasi. Ishike kwa nyuzi chache zinazoyeyuka za 3-0. Kati ya duodenamu na mshono wa juu pasibaki kugusana kokote. Kama duodenamu ilitoboka, ishonwe kwa kukingama tabaka mbili, na omentamu ikae katikati.

Dreni (mpira wa kutoa majimaji) moja ya kunyonya kwenye shimo la soasi, isiguse kipandikizi, itoke siku ya tatu hadi ya tano ikikauka.

Ukifunga aota kabisa

Kama mgonjwa yuko tulivu, anza na kazi safi: kipandikizi cha PTFE chenye pete, milimita 8, kutoka ateri ya kwapa hadi mapaja yote mawili, funga vidonda na uvifunike kwa plastiki inayonata, ndipo ufungue tumbo kwa vyombo vingine. Anayevuja aanze tumboni.

Kisiki cha aota, yaani ncha iliyofungwa, ndicho jinamizi la njia hii. Kinahitaji angalau sentimita moja, afadhali mbili, ya ukuta mzima chini ya figo. Shona tabaka mbili: mshono wa godoro la kulala kwa polipropilini 3-0, kisha mshono wa kuzungusha juu yake. Funika kwa faskia ya mbele ya uti wa mgongo, halafu omentamu. Kisiki kikipasuka siku za baadaye mgonjwa hufa karibu kila mara. Na kipandikizi chenyewe huziba mara nyingi kuliko kilicho palepale, mwambie mgonjwa mapema.

Stenti

Kuweka kitambaa ndani ya usaha kunakwenda kinyume na yote yaliyosemwa, lakini takwimu zina la kusema. Uswidi walichunguza wagonjwa wao wa nchi nzima wa 1994 hadi 2014, jumla 132. Miezi mitatu baada ya matibabu walikuwa hai asilimia 96 ya waliowekewa stenti na 74 ya waliofunguliwa tumbo. Kufika mwaka wa tano tofauti ilikuwa imetoweka, na maambukizi ya baadaye hayakuwa mengi zaidi upande wa stenti. Waliochaguliwa huenda hawakufanana, hata hivyo kwa mzee mwenye moyo dhaifu, au aliyepasuka saa nane usiku, stenti ni jawabu halali.

Ifanye kwa masharti. Usaha wa soasi utolewe kwa mpira kwa kuongozwa na CT au ultrasaundi. Dawa ziendelee kwa muda mrefu, kwa wengi maisha yote. Kama kuna tundu la utumbo, stenti ni daraja tu la kusimamisha damu. Operesheni ya kweli ifuate ndani ya siku au wiki chache mgonjwa akiwa na nguvu.

Baada ya thieta

Siku mbili za kwanza tazama figo, miguu na koloni. Haja kubwa yenye damu, au tumbo linalouma kupita kiasi huku laktati (kipimo cha damu kinachoonyesha tishu zinakosa hewa) inapanda, ingiza kamera ya utumbo mpana kitandani. Pima mgandamizo wa kibofu: ukizidi mmHg 20 na mkojo umekata, fungua tumbo.

Dawa za mshipani kwa wiki 4 hadi 6 angalau, kisha za kumeza miezi 3 hadi 6. Penye kitambaa au stenti, na hasa kwa Salmonela, wengi huendelea mwaka au maisha. Siprofloksasini ya kumeza ni nzuri kwa Salmonela inayoisikia, lakini subiri jibu la maabara. Coxiella hutaka doksisaiklini miligramu 100 mara mbili na haidroksiklorokwini miligramu 200 mara tatu kwa siku, miezi 18 au zaidi. Kifua kikuu kifuate mwongozo wa taifa kwa muda ulioongezwa.

Rifampisini ya kumeza isitolewe peke yake kamwe, na usiitoe bila kusoma kadi ya kliniki ya mgonjwa. Anayetumia dolutegravir (dawa ya VVU) anahitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na aendelee hivyo wiki mbili baada ya rifampisini kusimama. Warfarini (dawa ya kumeza ya kuzuia damu kuganda) itashuka nguvu, na vidonge vya uzazi wa mpango havitafanya kazi.

CRP kila wiki mpaka atoke, halafu kila mwezi. CT kabla ya kuruhusiwa, kisha mwezi wa 3, wa 6, wa 12, na kila mwaka. Maji kidogo kuzunguka kipandikizi wiki za mwanzo ni kawaida. Hewa mpya baada ya miezi miwili au mitatu, au maji yanayoongezeka, si kawaida.

Mwandikie mgonjwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa, kwa Kiswahili, mambo ya kumrudisha hospitali siku hiyohiyo: homa, mgongo kuuma upya, kinyesi cheusi, kutapika damu hata kijiko kimoja. Damu hiyo ndogo ikisimama yenyewe, daktari wa zamu asimwandikie omeprazoli na kumrudisha nyumbani. Ampeleke CT usiku huo, na amwite aliyempasua.